Mama Mzaa Nyanya katika Masimulizi ya Eastlands: Jina, Njaa na Zao kama Vipimo vya Salua

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna historia ya mama mzaa nyanya, mkulima wa kijijini, inavyosimuliwa na jamaa zake wanaoishi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Tunadai kwamba mwanamke huyu amesimama mpakani mwa nasaba: ndiye mtu wa mbali zaidi ambaye kwa kawaida bado yupo msimulizi aliye hai aliyemwona kwa macho. Msimulizi huyo akiondoka, kumbukumbu hugeuka kuwa kisakale. Makala yanaeleza kwa nini mwanamke huyu hapatikani kwa urahisi katika nyaraka za serikali, yanapendekeza vipimo vitatu vya kuisoma habari yake, yaani jina, njaa na zao, na yanatoa tahadhari kuhusu nafasi ya msimulizi na ya mfasiri.

1.0 UTANGULIZI

Mwanafunzi wa fasihi simulizi katika vyuo vikuu vyetu huagizwa kwenda nyanjani, na nyanjani kwa wengi wetu humaanisha kijijini. Hubeba kinasa sauti chake hadi Murang'a, Machakos, Siaya au Bungoma, ilhali nyanya mwenye habari anaishi na binti yake Kaloleni, Jericho au Kayole. Dhana kwamba mji hauna simulizi, na kwamba simulizi za kweli ziko mashambani tu, imetufanya tupite mlangoni pa maktaba tukiitafuta maktaba.

Makala haya yanajihusisha na sehemu moja tu ya maktaba hiyo: habari za mama mzaa nyanya. Ni vyema tuanze na istilahi. Lugha ya Kiswahili ina utajiri inapohesabu vizazi kwenda chini: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kining'ina. Inapohesabu kwenda juu, hata hivyo, baada ya babu na nyanya tunalazimika aghalabu kutumia maelezo: mama mzaa nyanya, mama mzaa babu, baba mzaa babu. Katika makala haya tutatumia "mama mzaa nyanya" kwa wanawake wote wa ngazi hiyo, awe ni mama yake nyanya au mama yake babu.

Jambo hili si la msamiati tu. Anayehesabu kwenda chini ni mzee anayewatazama waliomzunguka. Kila mmoja yupo mbele yake, na kila mmoja anastahili jina. Anayehesabu kwenda juu ni kijana anayewatafuta watu ambao baadhi yao hakuwahi kuwaona. Kijana wa Eastlands anaweza kumwita nyanya yake shosho, cucu, susu, dani au kukhu, kutegemea jamii yake na mtaa wake. Akifika kwa mama yake nyanya, neno humwishia na hadithi huanza.

2.0 MAHALI PAKE KATIKA TANZU

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alizitenga hadithi za kubuni na zile zinazokubaliwa kuwa zilitokea, akaziita hizi za pili salua. Chini ya salua zimo visakale, mapisi, tarihi na kumbukumbu. Kisakale husimulia habari za watu mashuhuri wa zamani kwa kuchanganya tukio na ubunifu; mapisi husimulia matukio ya kihistoria bila kuyatia chumvi; tarihi huyapanga matukio kwa nyakati; nazo kumbukumbu hutolewa na mtu aliyeshuhudia jambo au aliyekuwa karibu nalo.

Historia ya mama mzaa nyanya haikai katika kijumba kimoja cha mgawanyo huu. Nyanya anaposema, "Mama alikuwa akiamka alfajiri kupalilia kabla jua halijachomoza," hiyo ni kumbukumbu, kwa kuwa aliamshwa pamoja naye. Anaposema, "Mama aliolewa mwaka wa nzige," hiyo ni tarihi, nayo aliisikia kwa mwingine. Anaposema, "Mama alimkabili chui kwa jembe akiwa na mtoto mgongoni," yamkini tumekwisha kuvuka na kuingia katika kisakale. Sentensi hizi tatu zaweza kutoka katika kinywa kimoja, kwa sauti ile ile, katika muda wa dakika tano. Kazi ya kwanza ya mchambuzi ni kuzitenga bila kuzidharau.

Jan Vansina, mwanahistoria wa mapokeo simulizi ambaye kitabu chake cha kwanza kuhusu somo hili kilitoka mwaka 1961, alionyesha kwamba jamii nyingi hukumbuka mengi kuhusu nyakati za karibu na mengi kuhusu asili yao, lakini machache kuhusu kipindi kilichopo katikati. Pengo hilo halitulii. Kadiri vizazi vinavyopita, nalo husogea. Hoja hii ndiyo msingi wa makala yetu. Kwa kijana mwenye umri wa miaka 25 hivi leo, mama mzaa nyanya yuko ukingoni kabisa mwa pengo. Nyanya aliyelelewa naye angali hai, au amefariki juzi tu. Baada ya nyanya, pengo litasogea na kummeza mama yake.

3.0 CHUMBA CHA MJINI NA SHAMBA LA KIJIJINI

Ili kuelewa kwa nini habari za mkulima wa kijijini zimekuja kuishi Eastlands, hatuna budi kuitazama historia ya mitaa yenyewe. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Waafrika waliofanya kazi mjini waliishi kwanza katika vijiji kama Pangani na Mji wa Mombasa, kisha serikali ya kikoloni ikatenga Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Katika miaka ya 1940 na 1950 ikafuata mitaa mingine: Starehe, Ziwani, Kaloleni, Bahati, Mbotela, Ofafa na kadhalika. Baada ya uhuru zikaja Buruburu, Umoja na Dandora.

Nyumba nyingi za enzi ya ukoloni zilikuwa za chumba kimoja. Hazikujengwa hivyo kwa bahati mbaya. Zilisimamia dhana kwamba mfanyakazi Mwafrika ni mwanamume asiye na jamaa mjini, anayekuja kwa muda na kurudi kwao. Mshahara wake nao ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja. Ndiyo maana mwaka 1954 kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ikiongozwa na F. W. Carpenter, ilipendekeza mshahara unaoweza kukimu familia.

Swali la kuuliza ni hili: kabla ya hapo, familia ilikimuliwa na nani? Jibu ni mama mzaa nyanya. Mahindi, maharagwe, viazi na mtama wake ndivyo vilivyowalisha watoto ambao mshahara wa baba yao haukuwafikia, na ndivyo vilivyomlisha baba mwenyewe alipougua au alipofukuzwa kazi. Kwa hivyo, chumba kimoja cha Shauri Moyo na shamba moja la Murang'a au Nyanza si historia mbili. Ni nyumba moja iliyogawanywa na reli. Mchambuzi anayesimulia maisha ya babu aliyekuwa karani au mpishi mjini, akamwacha mkewe aliyebaki akilima, ameisimulia nusu ya nyumba.

Matukio ya miaka ya 1950 yalizidi kuzichanganya nusu hizo. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilizingira mitaa ya Waafrika jijini Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa vizuizini, na jamaa za wengi wao wakarejeshwa katika maeneo yao ya mashambani. Mwaka huo huo ulianza mpango wa kuwahamisha watu wa Kati kutoka nyumba zao zilizotawanyika na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa. Mama mzaa nyanya ambaye hakuwahi kukanyaga mji akajikuta akiishi nyumba kwa nyumba, akitoka kwenda shambani kwa saa zilizopangwa na askari. Wazee wengi wa Bahati na Makadara waliozaliwa katika miaka ya 1940 waliyaona hayo wakiwa watoto. Wao ndio mashahidi wetu wa mwisho.

4.0 KARATASI ZISIZOMJUA

Mtafiti atauliza: mbona tusiende katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa tukamtafute huko? Na aende, lakini ajue atakachokikuta. Sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwahusu wanaume Waafrika waliotimiza miaka 16. Mwanamume alivaa jina lake shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Dhuluma ilikuwa kubwa, nayo imeandikwa sana. Lakini kwa kejeli ya historia, dhuluma hiyo ndiyo iliyomwachia babu karatasi. Mkewe hakuachiwa kitu.

Kodi nayo ilitozwa kwa nyumba. Mume mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili. Katika daftari la mtoza kodi, basi, mama mzaa nyanya aghalabu hakuwa mtu mwenye jina bali nyumba ya nyasi iliyohesabiwa chini ya jina la mumewe. Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo vya Waafrika ulienezwa kwa hatua kuanzia mwaka 1963 hadi ulipofika nchi nzima mwaka 1971. Kitambulisho cha kitaifa hakikuwa cha wanawake hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Mwanamke aliyezaliwa karibu na mwaka 1920 alipata kitambulisho chake cha kwanza akikaribia miaka 60, na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo ulikuwa wa kukadiria.

Hati za ardhi zilimpita vilevile. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia kuyaunganisha mashamba yaliyotawanyika na kuwapa wenyewe hati za kumiliki. Wenyewe hao, katika idadi kubwa ya familia, waliandikwa kuwa wanaume. Aliyejua kila jiwe la mpaka hakuandikwa. Aliyeandikwa pengine alikuwa Nairobi, au kizuizini.

Zipo karatasi chache zinazomjua. Madaftari ya ubatizo ya makanisa huweza kutaja jina lake la nyumbani, jina la ubatizo na tarehe. Pana pia taarifa za maafisa wa wilaya pale wanawake walipoleta upinzani: tarehe 16 Machi 1922, Muthoni Nyanjiru aliuawa pamoja na wengine jijini Nairobi walipokuwa wakidai kuachiliwa kwa Harry Thuku, ambaye miongoni mwa malalamiko yake ilikuwa kazi ya kulazimishwa ya wanawake na wasichana, na mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa waziwazi kuendelea na kazi ya kulazimishwa ya kuhifadhi udongo. Karatasi humwona mkulima mwanamke anapogoma. Anapolima, ni simulizi pekee inayomwona.

5.0 VIPIMO VITATU

Maadamu karatasi ni haba, tunapendekeza vipimo vitatu vilivyomo ndani ya masimulizi yenyewe.

5.1 Jina

Miongoni mwa Wakikuyu, kwa desturi, binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama yake baba, na wa pili kwa jina la mama yake mama. Fuata utaratibu huu utaona kwamba jina la mama mzaa nyanya halikuangukia wewe kitukuu bali liliangukia kizazi cha wazazi wako. Mama yako mwenyewe, au mmoja wa ndugu zake wa kike, ndiye aliyelibeba. Kwa hiyo, swali la "Mama yake nyanya aliitwaje?" likishindikana, uliza: "Ni nani kati ya mama zangu aliyeitwa kwa jina lake?" Utaratibu huu una mtego pia. Jina likirudi baada ya kila vizazi viwili, matendo ya mwenye jina wa kwanza na wa pili huweza kuchanganyika, na shujaa mmoja akapewa maisha ya watu wawili.

Jamii nyingine hulifanya jina kuwa kalenda ya mkulima. Kwa Wajaluo, Adoyo ni aliyezaliwa wakati wa palizi na Akeyo wakati wa mavuno. Kwa Wabukusu, Nekesa ni wa mavuno, Nafula wa mvua, Nasimiyu wa kiangazi na Nanjala wa njaa. Kwa Wakamba, Mbula ni wa mvua na Wayua wa njaa. Jina la namna hii hubeba msimu, si mwaka. Hata hivyo mchambuzi akumbuke kwamba jina huweza kurithiwa: Nanjala wa leo huenda alizaliwa siku ya karamu, akapewa jina la Nanjala aliyezaliwa siku ya dhiki.

5.2 Njaa

Wakulima hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Waliipa majina, na majina yaliyodumu zaidi ni ya njaa. Ukame na maradhi ya mwishoni mwa karne ya 19 yaliacha majina mawili makubwa: Wakikuyu waliita njaa ya 1898 hadi 1900 Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Uzunguni, nao Wakamba wakaiita ile iliyowakumba kati ya 1897 na 1901 Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Wajaluo wanakumbuka Nyangweso, nzige wa mwaka 1931. Wakikuyu wanakumbuka pia Ng'aragu ya Mianga ya mwaka 1943, iliyopewa jina la muhogo kwa kuwa ndio uliowaokoa.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuchukue miaka 25 kwa kila kizazi. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka 1998 ana mama wa mwaka 1973, nyanya wa 1948 na mama mzaa nyanya wa 1923. Iwapo jamaa zake wanashikilia kwamba mama mzaa nyanya alinusurika Njaa ya Ruraya akiwa msichana, hesabu inakataa. Ama kuna kizazi kimoja kilichodondoka na aliyenusurika ni mama yake mama mzaa nyanya, ama wazazi katika ukoo huo walizaliwa wakiwa vitinda mimba na miaka 25 haitoshi. Mtafiti asikimbilie kusema kwamba familia inasema uongo. Kisa ni cha kweli. Kimehamia tu kwa mtu wa karibu zaidi, kwa kuwa wa mbali amekwisha kumezwa na pengo. Kinyume chake, mtoto aliyelishwa muhogo mwaka 1943 anaingia vyema katika hesabu: huyo ni dada mkubwa wa nyanya, na anayemsonga huo muhogo ni yule tunayemtafuta.

5.3 Zao

Kipimo cha tatu ni kile kilichopandwa. Simulizi ambamo chakula kikuu ni wimbi, mtama, njahi na viazi vikuu, na mahindi ni mgeni, ina umri mkubwa kuliko ile ambamo mahindi ni kila kitu, kwa maana mahindi yalishamiri zaidi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kahawa inaeleza mengi zaidi. Chini ya ukoloni, Waafrika walizuiwa kwa muda mrefu kuilima. Ruhusa ilitolewa kwa kiasi kidogo Kisii na Meru katika miaka ya 1930, na katika sehemu nyingi za Kati wakulima wadogo waliipanda kwa wingi katika miaka ya 1950. Msimulizi wa Dandora akisema kwamba mama yake alichuma kahawa Kiambu kabla ya Vita Vikuu vya Pili, maana yake ni kwamba aliichuma katika shamba la setla, kwa ujira. Akisema alichuma kahawa "yetu", huenda tukio limesogezwa mbele au neno "yetu" limesogezwa nyuma. Chai ya wakulima wadogo nayo ilipanuka hasa chini ya mamlaka iliyoundwa mwaka 1964. Nyanya anayekumbuka mama yake akibeba kikapu cha majani mabichi hadi kituo cha kupimia anazungumzia miaka ya baada ya uhuru.

Vipimo hivi vitatu havina nguvu kimoja kimoja. Vinapokubaliana, mtafiti ana msingi imara. Vinapopingana, hapo ndipo penye swali la kurudi nalo kwa msimulizi.

6.0 NANI ANASIMULIA?

Masimulizi ya ukoo hayana msimulizi asiye na upande. Mfano unaojulikana na wengi umo katika kitabu cha Barack Obama, Dreams from My Father, cha mwaka 1995. Humo Sarah Onyango, mkulima wa Kogelo aliyefariki mwaka 2021, anasimulia nasaba ya familia kwa Kijaluo huku Auma Obama akifasiri. Sehemu nzito ya kisa inamhusu Akumu, nyanya mzazi wa Barack, aliyeiacha nyumba ya mumewe akarudi kwao, na wanawe wakubwa wawili wakaondoka kumtafuta kwa miguu. Anayesimulia ni mke mwenza, ndiye aliyebaki akawalea watoto. Hatusemi kwamba amesimulia vibaya. Tunasema kwamba tunamjua Akumu kupitia kwa yule aliyebaki, na kwamba kwa vitukuu wa Akumu, maneno ya Akumu mwenyewe ni machache mno. Katika familia za ndoa ya wake wengi, swali la kwanza liwe: msimulizi alizaliwa katika nyumba ya nani?

Eastlands ina kimya kingine. Luise White, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, alionyesha kwamba baadhi ya wanawake waliotoka mashambani walijipatia mali, wakajenga nyumba Pumwani na kupanga warithi wao wenyewe. Mwanamke wa aina hii mara nyingi aliondolewa katika simulizi la kijijini. Ikiwa nasaba inasema tu kwamba "alipotelea Nairobi", mtafiti asiandike kwamba alipotea. Aandike kwamba alinyamaziwa, kisha aulize Majengo.

Kwa upande wa fasihi andishi, tunayo mifano ya kulinganisha. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa kijijini Fumba, Unguja, na kuupa utanzu huu hadhi katika Kiswahili. Wanawake watatu wa Mombasa walisimulia maisha yao kwa Sarah Mirza na Margaret Strobel, na masimulizi hayo yakachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1991. Riwaya ya Margaret Ogola, The River and the Source (1994), inaanza na Akoko, mwanamke wa mashambani mwenye bidii na mali, na kuishia na vitukuu wake katika Kenya ya leo. Kinachokosekana katika Kiswahili ni maandishi ya namna hiyo kuhusu mkulima ambaye hakuwa mwimbaji mashuhuri wala binti wa mtemi.

7.0 TAFSIRI NA ARDHI

Kitukuu wa Eastlands hazungumzi daima lugha ya mama mzaa nyanya. Simulizi humfikia kwa Kiswahili au kwa Sheng, na hapo ndipo chuo cha Kiswahili kinapoingia. Tuchukue neno "shamba". Kikuyu hutofautisha githaka, ardhi ya mbari nzima, na mugunda, sehemu inayolimwa. Kila mke alikuwa na mugunda wake ndani ya githaka cha mumewe. Nyanya akisema kwa Kikuyu kwamba ule ulikuwa mugunda wa mama yake, nasi tukaandika kwa Kiswahili "shamba la mama", msomaji ataelewa kwamba alilimiliki. Tukiandika "shamba alilolima", ataelewa kwamba hakuwa na haki yoyote. Tafsiri zote mbili zinapotosha: alikuwa na haki ya kulima, kuvuna na kugawa mavuno, na kwa kawaida wanawe walirithi kupitia nyumba yake, lakini hakuweza kuiuza.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 na Katiba ya mwaka 2010 zimewapa mabinti msingi wa kudai sehemu yao, na madai mengi husimama juu ya maelezo ya nani alikuwa mke wa nani na nyumba ipi ililima wapi. Binti wa Umoja anayeambiwa kijijini kwamba nyanya yake "hakuwa na kitu hapa" anaweza kusaidiwa au kuangamizwa na neno moja la mfasiri. Kwa sababu hiyo tunashauri neno la lugha asili liachwe katika matini ya Kiswahili, likifuatwa na maelezo yake.

8.0 UKUSANYAJI

Kutokana na yaliyotangulia, tunapendekeza hatua chache kwa mwanafunzi atakayekusanya habari hizi.

Kwanza, asianze na "alizaliwa lini?" Swali hilo humfanya mzee aone aibu ya kutojua. Aanze na: aliolewa akitoka wapi? Alipanda nini kwanza mvua iliponyesha? Mpaka wa shamba lake ulikuwa mti gani, mto upi? Siku ya njaa aliwapikia nini?

Pili, anase sauti kwa lugha anayoichagua msimulizi, hata kama hiyo itampa mkusanyaji kazi zaidi. Tafsiri ije baadaye, na ipitiwe na jamaa mwingine anayeijua lugha hiyo.

Tatu, awasikilize wasimulizi wawili au zaidi, hasa kutoka nyumba tofauti za ukoo mmoja, na ahifadhi matoleo yote bila kuyalazimisha yafanane.

Nne, aombe idhini kwa uwazi na aheshimu yaliyoombwa yasiandikwe. Palipo na kesi ya ardhi, mtafiti asigeuke kuwa shahidi wa upande mmoja.

Tano, aende mapema. Mitaa kama Makongeni na Shauri Moyo imeingizwa katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya. Majirani waliokuwa wakisahihishana habari kwa miaka hamsini wanapotawanyika, kila mmoja hubaki na toleo lake bila wa kumkosoa.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yamedai kwamba historia ya mama mzaa nyanya ni matini kamili ya salua, na kwamba pa kuikusanya si kijijini pekee bali pia katika vyumba vya Eastlands ambamo binti zake wamezeekea. Tumeonyesha kwamba serikali ya kikoloni ilimhesabu kama nyumba, ikamnyima karatasi, kisha ikautegemea mkono wake kuwalisha wafanyakazi wa mji. Tumependekeza jina, njaa na zao kuwa vipimo vya kuitia simulizi katika wakati wake, na tumetahadharisha kwamba msimulizi ana upande na mfasiri ana madaraka.

Wapo watakaosema kwamba habari za mwanamke mmoja aliyelima na kufa hazitoshi kuwa tasnifu. Tunawajibu kwamba tumekwisha kuandika tasnifu nyingi juu ya mashujaa ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuwaona. Huyu bado ana mtu mmoja aliyekula chakula chake. Mtu huyo ana umri wa miaka themanini, anaishi umbali wa nauli ya matatu moja kutoka chuoni, na bado anakumbuka muhogo ulipikwaje.